Bendera za Uani kwa Bi Fauzia

Kipimo kilinyamaza pale ambapo jana kililia.

Mize alisimama kando ya bendera nyekundu, akakipiga kile kipimo kofi la ubavuni, akakishusha tena mpaka ncha yake ikakaribia kugusa mchanga. Kimya. Akasogea kwenye bendera ya pili. Kimya. Ya tatu ilikuwa imechomekwa upandeupande. Mize huvizamisha vijiti vya bendera zake mpaka nusu, kisha hukanyaga mchanga kwa kisigino huku na huku. Hii ilishikwa na mchanga wa juujuu tu, na kando yake kulikuwa na alama ya unyayo mtupu, kidole gumba kikiwa kimejichora vizuri kwenye unyevu wa mvua ya jana.

Mtu alikuwa amezihamisha.

Kazi ya Mize ilikuwa kutembea mbele ya wachimbaji. Mradi wa maji ulikuwa unapitisha mabomba mapya kutoka Kilindoni mjini kwenda vitongoji vya nyuma ya uwanja wa ndege, na kila mtaro ulipotaka kupita, yeye alitangulia na kipimo chake kutafuta vilivyokwishafukiwa: mabomba ya zamani, nyaya za simu na, kikubwa kuliko vyote, waya wa umeme. Kwingineko umeme ulipita juu ya nguzo. Hapa ndege hushuka chinichini zikitafuta kutua, nguzo hazitakiwi, kwa hiyo waya ulizikwa ardhini tangu Mize hajamaliza shule ya msingi. Ramani ilionyesha mstari mmoja mnyoofu. Waya wenyewe ulipinda ulivyopenda, ukikwepa mizizi ya minazi na pembe za nyumba za watu.

Penye waya alichomeka bendera nyekundu. Agizo la wachimbaji lilikuwa moja: mkiziona nyekundu, pimeni hatua tatu kuja upande wa barabara, hapo ndipo mchimbe.

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea barabarani, kipimo mbele yake. Hatua ya kwanza kikakoroma. Ya pili kikaanza kuimba. Ya tatu kikapiga ule ukelele wake mwembamba ambao usiku mwingine Mize huusikia usingizini, na hapo hakuhitaji tena kukitazama. Aliinua macho. Mtaro ulikuwa mbele yake, nyuma ya ua wa makuti wa Bi Fauzia. Asubuhi ile msimamizi wao, Ukasha, kabla ya kwenda bandarini kupokea mabomba, alikuwa amewaambia vijana waanze mapema, mvua isije ikawawahi. Nao walikuwa wamekwishafika kiunoni.

Aliyekuwa mwisho wa mtaro, karibu naye, ni Maliki, mvuvi wa Kilwa. Alikuja Mafia na dago, ile kambi ya wavuvi wanaofuata dagaa, pamoja na mdogo wake Sabiti. Dagaa walipoadimika, ndugu hao wakaomba kibarua mradini. Maliki alikuwa ameinua mtaimbo kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu anayetaka kutwanga.

"Maliki! Acha! Maliki!"

Ndege ndogo ya asubuhi ikapita juu yao wakati uleule. Ilipita chini kiasi cha makuti ya ua kulala, na mngurumo wake ukaimeza sauti ya Mize yote. Aliona kinywa chake mwenyewe kikifunguka bila faida. Aliona Maliki akiitazama ndege kidogo, akitabasamu, kisha akaushusha mtaimbo.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama ukuni mbichi unaopasuka jikoni. Mwanga wa samawati ukaruka kutoka chini ya mtaro, na Maliki akatupwa nyuma, akajibamiza kwenye ukingo wa mchanga, akabaki ameketi, miguu imenyooka, mikono imefunguka mapajani kama anayeomba dua.

Mtaimbo ulibaki umesimama wima peke yake.

*

"Asishuke mtu!"

Mize alikimbia mpaka hatua kadhaa kutoka ukingoni, akasimama ghafla, akatanua mikono. Wachimbaji waliokuwa upande wa pili walikuwa wanapanda juu kwa kusukumana. Mmoja alipiga kelele ya shahada. Chini ya mtaimbo palikuwa na maji ya mvua yaliyotuama, na maji yale yalikuwa yanachemka taratibu, kama chungu kilichotengwa juu ya moto mdogo.

Maliki alikuwa hai. Kifua kilipanda na kushuka. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka, vyeusi katikati, vyeupe pembeni. Kati ya nyayo zake na yale maji pangetosha mtu kulaza mkono.

"Maliki, unanisikia?"

Macho yakamtafuta. "Dada Mize," akasema, sauti kavu. "Miguu inawaka sisimizi."

"Usisimame. Unanisikia? Usisimame, usishike kitu. Kusanya miguu, yote miwili kwa pamoja, uikokote polepole, magoti uyalete kifuani. Pamoja. Usitangulize mmoja."

Akaanza kuikunja. Taratibu, kama mtu anayeamka asimwamshe mtoto.

Ndipo Sabiti akafika mbio kutoka mwisho wa pili wa mtaro, beleshi bado mkononi. Alimwona kaka yake, akalitupa, akashusha mabega ili aruke. Mize akamkinga.

"Nipishe!"

"Ardhi ina umeme, Sabiti. Ukikanyaga pale utaanguka juu yake."

"Kaka yangu yule! Nipishe, wewe mwanamke!"

"Ukishuka nitakuwa na maiti mbili."

Sabiti hakuwa mtu wa kusikia neno wakati ule. Alimsukuma kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kuvuta wavu wa jarife, na kiwiko chake kikampiga Mize mdomoni. Mize alianguka, lakini alianguka na shati lake mkononi, akalivuta, wakabiringika wote wawili mchangani karibu kabisa na ukingo, mpaka wale wengine wakamrukia Sabiti na kumgandamiza chini. Alilia kama mtoto. Mize akapiga magoti, akatema damu, akaitafuta simu.

Kwenye kituo cha umeme zamu ilikuwa ya Taufiki. Walisoma pamoja.

"Taufiki, kata laini ya uwanja wa ndege. Sasa hivi. Mtu yumo mtaroni, mtaimbo umetoboa waya."

"Inna lillahi! Kafa?"

"Hajafa. Kata!"

Upande wa pili Mize alisikia mashine za kituo zikinguruma.

"Mize, laini hiyo ndiyo ya hospitali."

"Najua."

"Wamenipigia sasa hivi. Kuna mama yuko mezani wanampasua, wameniomba umeme usicheze. Jenereta yao ipo, lakini mpaka mtu aende kuiwasha. Nikikata bila kuwaambia, daktari atabaki gizani na kisu tumboni mwa mtu."

"Waambie basi!"

"Nawapigia. Nakupigia na wewe. Mwambie asitikisike."

Simu ikakatika. Sauti ya Taufiki ilikuwa kubwa, na wote waliokuwa pale walikuwa wameisikia. Sabiti, shavu lake likiwa limebanwa mchangani, akamtazama Mize kwa jicho moja.

"Mama gani?" akauliza. "Na huyu si mtu?"

Mize aliitazama simu. Alitamani mtu mwingine awe amesimama pale alipo, yeye awe kule nyumbani Kirongwe anatwanga kisamvu. Tone la mvua likamwangukia shingoni. Jingine likaangukia kofia yake ngumu, na jingine. Akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya minazi.

Manyunyu yalianza, na mara yale maji ya mtaroni yakaanza kutambaa.

Mtaro ulikuwa na mteremko mdogo, uliochimbwa makusudi ili bomba lipate kushuka. Kila tone lililoangukia sehemu ya juu lilikuwa linakuja chini, linapita miguuni pa mtaimbo, linaelekea kwa Maliki.

"Tumsukumie bomba la plastiki," mmoja wa wachimbaji akasema. "Tuupige mtaimbo, utoke."

Mize aliupima mtaimbo kwa macho. Ulikuwa umeegama kidogo tu, upande wa Maliki. Ukiguswa vibaya ungemwangukia kifuani.

"Hapana."

"Sasa tumwangalie tu?"

Alizitazama chungu za mchanga uliochimbuliwa kando ya mtaro, akamtazama Sabiti.

"Mwachieni," akasema. "Sabiti, niangalie mimi. Usimwangalie yeye, niangalie mimi. Shika beleshi. Simama pale, kwenye ile chungu ya mbali, usiipite. Mchanga utupe katikati yake na maji. Utupe mbali, usimkaribie. Zibeni njia ya maji. Na nyinyi wengine, kule juu, fungueni mfereji, maji yapotee barabarani."

Wakamwachia. Kwa muda ambao Mize hakuweza kuupima, Sabiti alibaki amepiga magoti, akimtazama kama anayechagua. Kisha akaliokota beleshi. Mchanga wa kwanza ulianguka kwenye maji na kuzama bila kuacha alama. Wa pili pia. Akatupa tena, na tena, kwa hasira, akihema, mchanga ukiruka juu ya mtaro kama wavu unaorushwa, mpaka kikaanza kujitokeza kijituta chepesi kati ya nyayo za kaka yake na maji yaliyokuwa yakichemka.

"Maliki, ongea nami," Mize alisema. "Kwenu Kilwa ni wapi?"

"Kivinje."

"Una mke?"

"Ninaye." Akafumba macho. "Dada, mikono siisikii."

"Fumbua macho. Anaitwa nani mkeo?"

"Hasina."

"Hasina yuko Kivinje?"

"Yuko kwao, Somanga. Ana mimba." Akatazama kule mchanga ulikotokea. "Sabiti. Sabiti, usimwambie."

"Sitamwambia," Sabiti akajibu kutoka kwenye chungu, bila kuacha kutupa. "Utamwambia mwenyewe, mshenzi wewe."

Maji yalifika kwenye kijituta, yakasimama, yakaanza kupanda. Mize alikuwa ameishika simu kifuani kwa mikono yote miwili. Hakuomba dua ndefu. Alirudia neno moja tu, Ya Rabbi, Ya Rabbi, na kila aliporudia alikuwa anakitazama kile kijituta mahali kilipokuwa chembamba zaidi.

Simu ikalia.

"Jenereta imeshika," Taufiki akasema. "Nakata."

Kule njia panda mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa anaisikia tena mpaka iliponyamaza. Redio ya dukani nayo ikanyamaza. Mvua ikasikika peke yake juu ya mabati.

"Niambie umekata nini," Mize alisema.

"Laini ya uwanja wa ndege."

"Umefunga?"

"Nimefunga na kufuli. Ufunguo ninao mkononi, Mize. Wallahi ninao mkononi."

Maji chini ya mtaimbo yaliacha kuchemka. Mize alikichukua kipimo, akakinyoosha kuelekea mtaroni. Kimya. Lakini alikuwa anajua jambo ambalo wengine pale hawakulijua: kipimo hulia umeme unapotembea. Ukikaa ndani ya waya bila kutembea, kipimo hunyamaza vilevile. Kilichobaki ni neno la Taufiki.

"Nishuke sasa?" Sabiti akauliza. Beleshi lilikuwa limemganda mkononi.

"Ngoja. Natangulia mimi."

Akavua kofia, hakujua kwa nini. Akaketi ukingoni, akaisogeza miguu yote miwili kwa pamoja, akajiachia.

Mchanga ulikuwa baridi. Hapakuwa na kitu kingine. Baridi ya mchanga tu, na maji ya mvua yakimwingia kwenye mabuti. Alisimama hapo akiusikiliza mwili wake, kisha akamshika Maliki chini ya makwapa, na harufu ya nyama iliyoungua ikampanda puani.

"Njoo!" akapiga kelele. "Sabiti, njoo!"

*

Ukasha alikuwa ndiyo kwanza anafika na pikapu ya mabomba. Walimwaga mabomba barabarani, wakamlaza Maliki nyuma juu ya turubai, Sabiti akamweka kichwa mapajani, wakaondoka. Wachimbaji waliobaki walikwenda kujikinga mvua barazani kwa dukani, wakisimuliana kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Mize hakwenda. Alirudi kwenye bendera, akachuchumaa mbele ya ile ya tatu. Mvua ilikuwa imeifuta alama ya unyayo. Haidhuru. Alipogeuza uso, Bi Fauzia alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma, ncha ya kanga ameing'ata, miguu mitupu juu ya kizingiti.

Bi Fauzia alikuwa mjane, mtu mzima, anayesuka mikeka ya ukili na kuuza ubuyu kwa watoto wa shule. Jana alimpa Mize maji ya kunywa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaukodolea macho mtaro. "Amekufa?"

"Yu hai."

"Usinifiche, mwanangu."

"Yu hai, bibi. Ameungua mikono. Yu hai."

Bi Fauzia akaketi palepale kizingitini, kama aliyekatwa kamba. Mvua ilimnyeshea magotini asiisogeze kanga.

"Ni mimi," akasema.

Mize akasogea karibu.

"Hapo ulipochomeka kile kitambaa cha tatu," Bi Fauzia akaendelea, "hapo pana mtu. Mwanangu wa kwanza. Alilia mara moja tu, akaenda zake. Baba yake alikuwa baharini, mvua haikatiki, makaburini hapaendeki. Mama yangu na jirani wakamstiri hapo pembeni ya ua. Hatukuweka jiwe, maana walisema tutaliweka baba yake akirudi. Aliporudi, aliniambia mwache alale. Wote waliojua wameshakufa. Nimebaki mimi." Akafuta uso. "Nikaviona vitambaa vyekundu, kimoja kimesimama juu yake. Nikasema, hapa ndipo watakapochimba. Alfajiri nikatoka, nikavisogeza huku kwenye uzio. Nikasema, wachimbe uzioni. Uzio utafumwa tena."

"Nyekundu ni pasipochimbwa, bibi."

"Sasa ndiyo najua."

Mvua ilipiga kwenye ndoo iliyowekwa chini ya bati. Mtaro, uliopimwa kutoka kwenye bendera zilizohamishwa, ulikuwa umepita mahali palepale Bi Fauzia alipotaka kupaepusha. Ukingo wake ulikuwa umekaribia pale kwenye majani membamba ambako bendera ya tatu ilisimama jana, umekaribia kiasi kwamba mtu angeweza kuugusa mtaro na yale majani kwa mikono miwili.

"Nilikuuliza," Bi Fauzia akasema, bila lawama, kama mtu anayekumbuka tu. "Nilipokuletea maji. Nikakuuliza, hivi vya nini, mwanangu?"

Mize akakumbuka. Alikuwa na simu sikioni, Ukasha anamuuliza atamaliza saa ngapi. Alipokea kikombe, akanywa akiwa amesimama, akakirudisha. Za mradi, bibi. Hivyo tu ndivyo alivyojibu. Za mradi.

"Watauliza nani kazihamisha," alisema.

"Waambie." Bi Fauzia akanyanyua macho. "Lakini yeye alipolala usiwaonyeshe. Nakuomba. Watamtoa, watanipa kwenye mfuko."

Kabla Mize hajajibu, honi ililia barabarani. Ukasha alikuwa amerudi. Bi Fauzia akainuka, akaingia ndani, mlango ukafungwa taratibu.

Ukasha alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwepesi wa kufoka na mwepesi wa kuomba radhi. Leo hakufoka. Shati lake lilikuwa na damu ya Maliki, na alizitembelea zile bendera moja moja huku akipangusa maji usoni.

"Hapa sipo ulipoweka."

"Sipo."

"Basi nani?"

"Mtu aliyedhani nyekundu ndipo patakapochimbwa. Aliniuliza jana, sikumjibu vizuri."

"Mize, mainjinia wanakuja kesho. Watataka jina. Wasipopata, watachukua la kwako, na la kwangu litafuata kwa sababu niliwaambia waanze bila wewe. Nina mtoto mchanga, unajua." Akaitazama nyumba ya Bi Fauzia, ule mlango uliofungwa, kisha akamtazama Mize. Alikuwa si mjinga. "Sitakulazimisha sasa. Lakini jioni niambie."

"Jioni nitakwambia. Na mtaro huu hauendelei hapa, Ukasha. Tuuhamishie ng'ambo ya barabara."

"Kwa sababu ya waya?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Ukasha akamkazia macho kidogo. Kisha akaenda kuwaambia vijana waanze kufukia.

*

Mchana mvua ilipoanza kupungua Mize alirudi kubisha hodi. Alikuwa ameshalipanga atakalosema: kwamba hawezi kulificha jina, kwamba atakwenda naye, watakaa pamoja mbele ya hao mainjinia, kwamba kaburi ataliacha lilipo. Alibisha, akaita, akazunguka nyuma. Kufuli lilikuwa mlangoni. Jikoni makaa bado yalikuwa mekundu chini ya majivu, sufuria haipo. Mwanamke wa jirani akamwambia amemwona Bi Fauzia akitoka mbio na kapu, hata viatu alivivalia njiani.

"Kaelekea wapi?"

"Kule chini. Huenda gatini. Ana dada yake kisiwani Bwejuu."

Mize alisimama katikati ya njia. Ikiwa amekimbilia Bwejuu, kesho jina litakuwa moja tu, na litakuwa na sura ya mkosaji aliyekimbia. Na Sabiti atalisikia. Mdomo wa Mize ulikuwa umevimba, na kila alipoulamba aliikumbuka nguvu ya kile kiwiko. Akachukua bodaboda, akamwambia mpaka gatini, na walipofika njia ya hospitali akamgusa mwendeshaji bega.

"Pinda hapa kwanza," akasema. "Nikamwone mgonjwa."

Kwenye ukumbi wa hospitali mwanamume mmoja alikuwa ameketi na chupa ya chai na kanga mpya mbili magotini, amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi. Mize alimpita. Alitaka kumuuliza muuguzi juu ya yule mama wa asubuhi, akashindwa kulianza swali. Muuguzi alimwangalia mdomo, akadhani amekuja kutibiwa.

"Namtafuta aliyeungua na umeme."

"Wodi ya mwisho. Mmoja mmoja jamani, mmekwisha kuwa wengi."

Alisikia sauti ya Sabiti kabla hajafika. Alikuwa anaongea chini chini, tena kwa upole ambao Mize hakuujua. Akasimama mlangoni.

Maliki alikuwa ameketishwa, mito miwili mgongoni, mikono yake yote imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Kando ya kitanda, juu ya stuli, kapu likiwa miguuni, alikuwa ameketi Bi Fauzia. Alikuwa na bakuli la uji. Alichota kijiko, akakipuliza, akakipeleka kinywani mwa Maliki, akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga yake.

Sabiti alimwona Mize, akainuka. Akatazama mdomo wake, akatazama chini.

"Dada."

"Hamjambo?"

"Wamesema mikono itakaa. Mmoja una shida, lakini itakaa." Akainua macho. "Mdomo wako..."

"Utapona."

"Sisi hapa hatuna ndugu," Sabiti akasema, kama mtu anayetafuta pa kuiweka ile aibu. "Huyu bibi hata hatumjui. Kasikia tu, kaja na uji, kamwosha uso. Mungu atamlipa. Nimemwambia, bibi, wewe ni mama yetu hapa."

Kijiko kikasimama njiani, uji ukadondoka kwenye shuka. Bi Fauzia aliufuta kwa kidole. Hakugeuka.

"Nani kazihamisha zile bendera, dada?" Sabiti akauliza. Upole ukamtoka sautini. "Wenzetu wanasema zilihamishwa. Unamjua?"

Mize akafungua kinywa.

"Mwache ale kwanza," Bi Fauzia akasema. Sauti yake ilikuwa imara. "Ale amalize, ana njaa. Kisha nina neno langu, nataka mlisikie nyote wawili. Na wewe mwanangu, ingia, usisimame mlangoni. Keti."

Sabiti akamtazama bibi, akamtazama Mize, uso ukianza kuuliza jambo ambalo bado hakulipata. Akavuta kiti kilichokuwa chini ya dirisha, akamsogezea Mize, yeye akabaki amesimama.

Maliki alifungua kinywa, akameza, akafungua tena. Bi Fauzia aliliinamisha bakuli kuelekea kwenye mwanga, na kijiko kikawa kinakwangua ubavuni taratibu, kikiutafuta uji uliobaki.